Monroe hakumficha Arnold Shultz
Hapana ndugu, ukisema Bill Monroe, Mmarekani aliyeanzisha muziki wa bluegrass (aina ya muziki wa kantri wa ala za nyuzi), alimficha mwalimu wake Arnold Shultz, hapo umemwonea. Yeye mwenyewe alimtaja Shultz katika mahojiano zaidi ya mara moja, akasema alipiga naye muziki kwenye dansi za usiku kule Rosine, Kentucky, angali kijana, na kwamba ladha ya bluzi kwenye muziki wake ilitoka kwa huyo mzee. Shultz alikuwa Mweusi, mchimba makaa ya mawe, hodari wa gitaa na fidla. Waliomsahau ni wanahistoria waliokuja baadaye, maana hakuacha rekodi hata moja. Alifariki 1931, ilhali Monroe alipanda jukwaa la Grand Ole Opry, kipindi maarufu cha redio cha muziki wa kantri, 1939.

Kwa hiyo kumwita "mwanamuziki wa bluegrass" si sahihi sana. Jina lenyewe halikuwepo enzi zake. Mimi humwona zaidi kwenye gitaa: mtindo wake wa kupiga besi kwa kidole gumba aliuchukua mpiga gitaa Kennedy Jones, ukafika kwa wapiga gitaa wenzake, Mose Rager, kisha Merle Travis. Huo unasikika hadi leo.