Dakika 25 za Redio Uganda

Shikamoo. Babu alipigana vita vya Kagera. Anasema redio ya Idi Amin, rais wa Uganda, ilikuwa ikiwachekesha. Ilisema nini? (Msomaji, Bukoba)

Marahaba. Oktoba 1978 redio hiyo ilianza kwa kudai kwamba Tanzania ndiyo iliyovamia. Majeshi ya Amin yalipofika mto Kagera, ikatamba kuwa eneo lote, kilomita za mraba zaidi ya 1,800, limetwaliwa kwa dakika 25, rekodi ya dunia. Dakika 25! Hata dereva wa lori aliyekunywa gongo asingethubutu kujisifu hivyo. Kisha Amin akataka wamalizane na Nyerere kwa ngumi ulingoni. Baada ya hapo, hata redio ile iliposema kweli, nani angeisikiliza bila kucheka?

Na sisi? Tuliambiwa yote? (Msomaji, Morogoro)

Hapana, ingawa najua wapo watakaoninunia. Hotuba ya Mwalimu ya Novemba 2 ilikuwa wazi: uwezo, sababu na nia ya kumpiga Amin. Lakini Februari 1979, jeshi letu, JWTZ, likiwa limeshaingia Uganda, maelezo yakawa kwamba kuna vita viwili: Waganda wanamwondoa dikteta wao, Watanzania wanalinda usalama wa nchi yao. Wapiganaji wa Uganda walikuwapo kweli, ila mzigo mkubwa ulibebwa na vijana wetu. Watu hawakukasirika sana, nadhani kwa sababu jambo kubwa hawakufichwa: walijua tuko vitani, na malori ya raia yaliyochukuliwa kwenda mbele waliyaona kwa macho yao.

Marekani ina magazeti huru. Mbona wakati wa Vietnam watu waliacha kuiamini serikali? (Msomaji, Mombasa)

Kwa sababu ya hesabu. Kila jioni jeshi liliwasomea waandishi mjini Saigon idadi ya maadui waliouawa, mpaka wakakibatiza kikao kile vichekesho vya saa kumi na moja. Novemba 1967 Jenerali Westmoreland, kamanda wa majeshi ya Marekani huko Vietnam, alisema mwisho wa vita umeanza kuonekana. Mwishoni mwa Januari 1968, wakati wa Tet, sikukuu ya mwaka mpya wa Vietnam, wapiganaji wa Vietcong, waasi wa kikomunisti waliopigana na Marekani, wakaingia hadi ndani ya ua wa ubalozi wa Marekani.

Basi bora niamini video za WhatsApp? (Msomaji, Goma)

Thubutu! Tazama kwanza namba za magari na lugha inayosemwa nyuma ya picha. Nyingi si za vita unavyoambiwa.