Mwenyekiti wa mtaa "ametoa hukumu": nikate rufaa wapi?

SWALI: Shikamoo wakili. Nina kiwanja kilichopimwa huku Ihumwa. Jirani yangu alipojenga ukuta aliingia kwangu karibu mita mbili. Mwenyekiti wa mtaa alituita, akiwa na bwana mmoja aliyejitambulisha kuwa msuluhishi, nikalipa 150,000. Wakaamua tugawane hizo mita, moja yangu, moja yake, tukasaini. Karatasi ina muhuri na imeandikwa "uamuzi huu ni wa mwisho". Sikuridhika, ila niliambiwa nikikataa nitaonekana mkorofi. Yule bwana sasa anataka 200,000 aniandikie rufaa. Je, muda umeshapita? Na rufaa inapelekwa wapi?
Mama wa Ihumwa

JIBU: Marahaba, mama. Rufaa haipo, kwa kuwa hukumu haipo. Tangu Serikali ihamie Dodoma na bei ya viwanja ipande, haupiti mwezi sijaletewa karatasi kama yako, yenye muhuri wa bluu na neno "uamuzi" limekozwa wino. Kila mara mwenye karatasi ananiuliza rufaa. Nani aliwaambia kuwa msuluhishi ni hakimu mdogo?

Nadhani hata lugha imetuponza. Neno usuluhishi tumelibebesha mizigo miwili. Sheria ya Usuluhishi ya 2020 inamhusu mtu mnayemkabidhi mgogoro kwa makubaliano yenu, akasikiliza ushahidi, akatoa tuzo, yaani uamuzi unaowafunga nyote. Lakini nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwenye mgogoro wa kazi: pale msuluhishi ni mpatanishi tu, na asipofanikiwa ndipo shauri linakwenda kwa mwamuzi. Vishoka wanaishi kwenye mkanganyiko huo. Wanawaita kupatanishwa, wanawatoa mmehukumiwa.

Mpatanishi hagawi mita. Kazi yake ni kuuliza, kumsikiliza kila mmoja pembeni, kurudisha maneno mezani yakiwa yamepoa. Niliwahi kukaa na ndugu wawili wa Mpunguzi waliogombea shamba la zabibu la marehemu baba yao. Vikao viwili viliishia kwenye lawama za msibani, nani alikuja na nani hakuja, na mimi sikuwakatiza. Kikao cha tatu mdogo mtu akasema mwenyewe: kaka avune msimu wa Machi, mimi wa Agosti, gharama za dawa tuchange. Hakuna baraza ambalo lingewapa mpango huo, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameuomba. Kama ningewaambia "gawaneni katikati" wangesaini kwa heshima, na wiki ya pili mmoja angeng'oa mizabibu.

Sasa karatasi yako. Mbele ya sheria ni mkataba, basi, hata ingepigwa mihuri kumi. Mwenyekiti wako huenda alitaka amani tu, simlaumu sana. Ila mkataba unataka ridhaa ya hiari, na wewe unasema uliogopa kuonekana mkorofi. Nikuambie ukweli: aibu peke yake haitoshi. Jirani ataitoa hiyo karatasi dhidi yako, nawe utatakiwa kuonyesha shinikizo hasa, au kwamba mlidanganywa kuwa pale pana mamlaka ya kuamua. Andika leo nani alikuwepo na nani alisema nini, kabla hujasahau.

Kisha nenda Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya 2021 baraza hilo nalo haliamui tena migogoro ya ardhi. Linapatanisha, na likishindwa linatoa cheti. Cheti hicho ndicho kinakufungulia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila suluhu, unaweza kwenda wilayani hata bila cheti. Kabla ya yote, omba mpima ardhi aje aonyeshe bikoni, yaani alama za mipaka, ziko wapi. Mmegawana mita mbili ambazo hakuna aliyezipima.

Ya kwako angalau ni ardhi, haihami. Wanaoniumiza roho ni wa kazini. Mtu ameachishwa kazi, kishoka anamwambia "tulia, naongea na bosi wako, tunasuluhisha". Wanaongea miezi miwili. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yanatakiwa kufika Tume ndani ya siku 30, na mazungumzo ya baa hayasimamishi kalenda. Anakuja kwangu siku ya sabini, nami nabaki kumwandikia maombi ya kuongezewa muda, tukiomba Mungu sababu zikubalike.

Kwenye ndoa ni hivyo hivyo. Baraza la usuluhishi la ndoa, liwe la kata, la msikiti au la kanisa, halimpi mtu talaka. Linatoa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha, na hati hiyo ni ya kufungulia shauri mahakamani ndani ya miezi 6. Nimekutana na wanaume walioifremu ukutani na kuoa tena.

Halafu kuna lile ambalo silijadili na mzee yeyote, awe na mvi kiasi gani. Mtoto amebakwa, au mwanafunzi amepewa mimba, na ukoo unakaa chini ya mti "kuyamaliza kifamilia" kwa ng'ombe wawili na blanketi. Hilo ni kosa la jinai lenye kifungo cha miaka 30, na anayeshitaki ni Jamhuri. Baba wa mtoto hana mamlaka ya kulisamehe, na anayeandika karatasi ya maridhiano hayo anajiandalia kesi yake mwenyewe. Ukisikia kikao cha namna hiyo mtaani kwako, nenda dawati la jinsia polisi kabla ng'ombe hawajafika.

Wapatanishi wenye idhini wapo. Kanuni za kuwasajili zilitoka 2021, kwa hiyo muulize mtu akuonyeshe cheti chake. Wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa wanatoa huduma bure. Nenda kata na nakala, karatasi halisi ibaki kwako. Na yule bwana wa 200,000, kabla hujampa hata shilingi, mdai risiti ya ile 150,000.