Maswali ya Wasafiri: Feri ya Dover, Nauli ya Gari au ya Kichwa?

SWALI: Assalaam aleykum, wahariri. Kijana wangu anaishi Kent, Uingereza, na mwezi wa nane ametualika mimi na mamake. Anataka kutuvusha hadi Ufaransa kwa gari lake, tuwe watu watano. Anasema bei za feri hubadilika kila akifungua simu. Mimi nikienda Mokowe kwa boti naijua nauli yangu kabla sijafika gatini. Huko wanapimaje, na kampuni gani afadhali?
– Mzee wa Langoni, Lamu

JIBU: Waaleykum salaam, mzee wetu. Mokowe unalipia kichwa. Dover, bandari ya huko Kent, hasa unalipia gari. Ifikirie feri ya Likoni, Mombasa: wa miguu hupita bure, gari ndilo linalolipa. Kwa hiyo kijana achukue bei nzima ya gari, kwenda na kurudi, aigawe kwa watu watano. Tuseme ni pauni 200: hiyo ni pauni 40 kwa mtu. Angesafiri peke yake, bei ingekaribia kuwa ile ile na yote ingemwangukia yeye.

Bei hupandishwa na saa na siku. Jumamosi asubuhi ya Agosti, shule zao zimefungwa, ndiyo ghali kuliko zote. Alfajiri, au usiku katikati ya wiki, hushuka. Aandike pia vipimo vya kweli vya gari, pamoja na sanduku la juu ya paa kama lipo. Wengi hulisahau, wakafika kaunta wakaongezewa malipo.

Kati ya Dover na Calais, bandari ya upande wa Ufaransa, kuna P&O Ferries, DFDS na Irish Ferries, na zote huvuka kwa kama saa moja na nusu. DFDS huenda pia Dunkirk kwa saa mbili. Huko kwafaa mkielekea Ubelgiji. Kwa maoni yetu kampuni si hoja kubwa. Hoja ni masharti ya tiketi. Ile rahisi kabisa mara nyingi haibadilishwi bila kulipa, na foleni ya Dover haina huruma, kwani askari wa mpaka wa Ufaransa hukagua pasipoti papo hapo Dover, kabla ya meli. Tangu 12 Oktoba 2025 Ulaya imeanza pia kusajili alama za vidole na picha za uso za wageni. Wakati wa likizo jipeni saa mbili nzima, na pauni chache za tiketi inayobadilika hazitakuwa hasara.

Mkishapanda, sitaha ya magari hufungwa mpaka mfike. Dawa, makoti na chakula pandeni navyo juu. Mama akiwa na magoti mabovu, kijana aseme anapokata tiketi na aseme tena kaunta, ili gari lipangwe karibu na lifti. Akiwa ni mtu wa kutapika baharini, kuna treni ya LeShuttle kutoka Folkestone: dakika 35 chini ya bahari, mmekaa ndani ya gari lenu. Mara nyingi ni ghali kuliko feri.

Sasa jambo linalovunja safari nyingi kuliko nauli. Nyinyi wawili wenye pasipoti za Kenya mnahitaji viza ya Schengen, yaani ya kuingia Ufaransa na nchi nyingi za Ulaya, euro 90 kila mmoja, na bima ya angalau euro 30,000. Iombeni Nairobi kabla ya kuondoka, si mkiwa Kent, maana mgeni huombea anakoishi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari; msingoje hizo 15.

Na mama asifunge sambusa za nyama za njiani. Nyama na maziwa kutoka Uingereza haviruhusiwi kuingia Ulaya. Mahamri ya tui hayana neno.

SWALI: Mimi sina gari. Nikiwa London naweza kuvuka kwa miguu?
– Msomaji wa Barani, Malindi

JIBU: Ndiyo, ila si kila meli. Dover–Dunkirk ni ya magari tu. Dover–Calais, P&O huchukua wa miguu kwa baadhi ya safari za mchana; fika saa moja na nusu kabla. Stesheni ya Dover Priory haiko bandarini, ni teksi au mwendo wa kilomita kama 2. Newhaven–Dieppe, njia nyingine ya feri ya kwenda Ufaransa, huchukua saa 4, lakini stesheni ya Newhaven Town iko karibu na meli. Ukitaka wepesi, panda basi la London–Paris: nauli ya kuvuka imo ndani ya tiketi, na kazi yako ni kushuka na pasipoti mkononi mpakani.

SWALI: Tiketi ya mwanangu inasema aondoka Dover 10.00 na kufika Calais 12.30, ila akirudi aondoka 15.00 na kufika 15.30. Meli ya kurudi ina mbio gani hizo?
– Mama wa Shela

JIBU: Mwendo ni ule ule, bibi. Kila saa ya tiketi ni ya pale ilipo bandari, na Ufaransa iko mbele kwa saa moja. Mwambie asiisome pia Kiswahili: 10.00 yao ni saa nne asubuhi. Akienda saa kumi, meli itakuwa imevuka na kurudi.