Anza kutunga kwa kibwagizo

Mashairi mengi ya tarbia, yaani yenye mishororo minne kwa kila ubeti, hufia ubeti wa tatu. Beti mbili za mwanzo hutiririka, wa tatu huchechemea, kisha daftari linafungwa na lawama inatupiwa ilhamu, eti imekauka. Mara nyingi ilhamu ipo. Vilivyokwisha ni vina, yaani sauti za mwisho zinazofanana.

Piga hesabu kabla ya kushika kalamu. Shairi la beti 7 lenye mtiririko, yaani vina vilevile tangu mwanzo hadi mwisho, linakula maneno 21 ya kina cha kati na 21 ya kina cha mwisho, kibwagizo (mshororo wa nne unaorudiwa kila ubeti) mbali. Ndiyo maana inafaa kuanza na kibwagizo. Mshororo huo utarudiwa mara 7, kwa hiyo ukiwa dhaifu utamchosha msomaji mapema; tena ndio unaokupangia vina vyote vilivyobaki.

Tuchukue huu: "Unga umepanda bei, watoto wanatazama." Ukwapi, yaani nusu ya kwanza, una mizani (silabi) 8, utao, nusu ya pili, 8, na vina ni -ei na -ama. Sasa jaza ghala. Upande wa -ama hauna shida: mama, gharama, lawama, kwama, hama, zama, andama. (Hekima na neema zina -ma pia, na wapo wanaozikubali, lakini sikio linataka irabu ya kabla yake ifanane.) Kina cha -ei kinatisha, mpaka ukumbuke kwamba kitenzi kinachoishia na -ea kikikanushwa hutoa -ei: hapokei, hasogei, hangojei, hatembei. Tatizo ni kwamba shairi zima litaelemea kwenye kukana. Kwa kilio cha bei ya unga linafaa sana. Kwa shairi la harusi, tafuta kina kingine.

Ubeti wenyewe unaweza kutoka hivi:

Foleni haisogei, mlangoni tumekwama,
Mwenye duka hapokei, noti chakavu za mama,
Njaa haitungojei, yazidi kutuandama,
Unga umepanda bei, watoto wanatazama.

Tazama mleo, mshororo wa tatu. Ukiandika "Njaa nayo haingojei" unapata mizani 9. Wengi hukata na kuweka "hangojei", mizani ikatimia 8 lakini njaa ikageuka mtu. Sarufi imevunjwa bila faida yoyote. Ukitoa "nayo" na kuingiza kiambishi cha "tu", mizani inakaa na maana inaongezeka: njaa ni yetu sasa. Inkisari (kufupisha neno) na mazida (kulirefusha) zinaruhusiwa, ndiyo. "Ninakuja" iwe "naja", "enda" iwe "enenda". Ila zikizidi moja kwa ubeti, msomaji anaanza kuona seremala aliyekosea vipimo akaziba nyufa kwa gundi.

Mleo ndio unaopokea takataka zote. Mwanzo, mshororo wa kwanza, una wazo; mloto, ule wa pili, unalifuata; kibwagizo kiko tayari, basi pale katikati panajazwa "jamani nawaambia" au "naapa sitanii". Jaribu kuandika mleo mara tu baada ya kibwagizo, kisha urudi juu kwenye mwanzo na mloto.

Kuhusu kuhesabu: mizani ni silabi, si herufi, na sauti za m na n ndizo zinazowapotosha wanaoanza. Katika "mbuzi", m imeungana na bu, hivyo neno lina mizani 2. Katika "mbu", m inasimama peke yake, na neno hilo fupi nalo lina 2. "Mtu" ni 2, "nchi" 2, "nyumba" 2, "mmoja" 3, "njaa" 2. Hesabu kwa vidole huku ukitamka, maana jicho linadanganya. Kisha liimbe shairi kwa mahadhi yoyote unayoyajua: penye mizani pungufu utajikuta unavuta irabu, penye ziada utameza silabi.

Angalia pia pumzi ya katikati. Mkato usianguke kati ya kihusishi na nomino yake, kwa mfano ukwapi kuishia na "chakavu za" halafu "mama" akaangukia utao. Kina kinaweza kupatikana hivyo, lakini sentensi inavunjika kiuno.

Halafu kuna ubeti wa kwanza wa kupiga hodi na ule wa kaditama, wa kufungia shairi. Mhariri wa ukurasa wa mashairi anazipokea hodi kila siku. Futa ubeti wa kwanza wa rasimu yako uone kama kuna kitu kimepotea. Kama hakuna, uache ulivyofutwa, hata kama shairi litabaki na beti 6.

Mwisho funika beti zote kwa karatasi ubakize mmoja, wowote. Ukihitaji wa jirani ili uelewe unasemwa nini, ubeti huo haujajitosheleza. Urudishe mezani, na anza kuutengeneza kwenye mleo.