Taa hazihesabiwi

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Wachezaji wa raga wa kulipwa wanapomtumia mtoto mgonjwa sana ujumbe wa kumtia moyo, wanamsaidia au wanajipamba?" Asubuhi nililisoma swali hilo nikalipita. Mchana nikalirudia. Sasa ni usiku, wenzangu wamelala, nami bado nabishana nalo.

Nikiri mapema kwamba sitalijibu kama mlivyolitega. Mchezaji akijipamba, hiyo ni yake na nafsi yake. Mtanikumbusha Sonny Bill Williams wa New Zealand, uwanjani Twickenham, London, 2015, alipomvisha medali yake ya Kombe la Dunia kijana aliyekuwa ameingia uwanjani mbio akaangushwa na mlinzi. Kamera zilikuwepo, ndiyo. Kijana naye alikuwepo, na medali ilibaki shingoni mwake. Hapo sina neno. Ninachokijua mimi ni upande wa pili wa simu: nani anayeuomba ujumbe huo, na ukishafika unafanya kazi gani chumbani. Mara nyingi anayeomba si mtoto. Kwetu aliyeomba alikuwa mimi, shangazi mtu.

Mwana wa kaka yangu alikuwa na miaka 9 alipopatikana na saratani ya damu. Alikuwa mtoto wa raga haswa. Klipu za Jonah Lomu, yule winga mkubwa wa New Zealand, alikuwa akizijua kama wengine wanavyojua hadithi za sungura: nusu fainali ya Kombe la Dunia ya 1995, trai 4, yaani mara 4 aliuweka mpira nyuma ya mstari wa wapinzani, dhidi ya Uingereza, ile ya kwanza akimpita Mike Catt kwa kumkanyaga. Siku za mwanzo za dawa, nikitafuta la kumwambia, nikasema, "Unajua hata Lomu alikuwa mgonjwa? Mwaka huohuo wa trai 4 waligundua figo zake zina maradhi." Akageuza kichwa. "Akapona?" Nikamweleza kwamba mtangazaji mmoja wa redio alimpa figo, mwaka 2004, na nikaishia hapohapo. Kwamba alifariki 2015 akiwa na miaka 40, hilo nililimeza. Mtoto alinitazama kwa muda, kisha akarudi kwenye simu yake. Nadhani alijua.

Usiku ule ndipo nilipoanza kuandikia klabu. Niliandikia kila klabu niliyoipata anwani yake. Nikisema ukweli, sikuwa nafanya kwa ajili yake. Kaka yangu alikuwa analala kwenye kiti kando ya kitanda, wifi yangu anaandika saa za dawa kwenye daftari, mimi sikuwa na kazi yoyote. Mtu asiye na kazi kwenye chumba cha mgonjwa ni hatari, hutafuta la kufanya.

Zikaja video 9. Tukazitazama zote kwa mkupuo, barakoa usoni, kwa sababu chembe zake nyeupe za damu zilikuwa zimeshuka na kila mtu aliyeingia alihesabiwa kuwa kitisho. Katika video 8 palikuwa na neno lilelile: pambana. Pambana kama sisi, wewe ni mmoja wa timu, usikate tamaa. Wanaume wakubwa, shingo kama magogo, na wengine macho yamelowa kweli, sitawasingizia. Lakini ziliposhafika 5 au 6 nikaanza kukereka. Hivi watu hawa wameusahau mchezo wao? Raga ina dakika 80 na benchi la watu 8. Wale wa mstari wa mbele wakichoka kipindi cha pili wanapumzishwa, na hakuna anayesema wameshindwa kupambana. Akigongwa kichwa anatolewa dakika 12 achunguzwe na daktari, apende asipende. Mtoto wetu hakuwa na benchi. Alikuwa amelala tu, dripu inashuka, kazi inafanywa na dawa. Sasa unamwambia apambane, na vipimo vikirudi vibaya ajilaumu?

Klabu moja, sitaitaja, iliomba tumrekodi mtoto akiitazama video yao, "ili mashabiki waone furaha yake". Kichwa hakikuwa na unywele mmoja. Kaka yangu alijibu kwa neno moja, na hatukuwasikia tena.

Ya 9 haikuwa na mwanga mzuri. Ilikuwa ya namba 2, yule anayening'inia katikati ya wenzake wawili, nguzo za skramu, pale timu mbili zinapoinama na kusukumana, mchezaji ambaye hata shabiki wa klabu yake humtaja wa mwisho. Alikuwa amelala chali nyumbani, goti limetoka kupasuliwa, simu ameishika juu ya uso wake kiasi kwamba ulimwona kidevu na matundu ya pua. Akasema amechoka kulala. Akasema raga kwenye televisheni inamtia hasira kwa sababu wengine wanacheza. Kisha akageuza kamera ikatazama juu: "Dari langu halina kitu. Ufa mmoja tu. Lako lina nini?"

Basi. Hakukuwa na pambana.

Mtoto akanyamaza, akaangalia juu. Dari la chumba kile lilikuwa la vibao vya mraba. Akaanza kuhesabu kwa kidole, akapotea, akaanza upya. Muuguzi akaingia kubadilisha dripu, akaambiwa angoje kwanza. 48. Kimoja kina doa lenye umbo la kiatu. Tukamrekodi sauti yake, ya kukwaruza kwa sababu ya vidonda mdomoni, "vibao 48", tukaituma. Kesho yake jibu likaja: je, zile taa mbili nazo umezihesabu? Alikuwa amezihesabu. Ukaanza ubishi. Taa imekaa mahali pa kibao, kwa hiyo ni kibao, alisema mtoto. Taa ni taa, alisema namba 2, hata refa hahesabiwi kuwa mchezaji ati kwa sababu amesimama uwanjani. Siku 3 walibishana hivyo. Daktari wa zamu akaulizwa, akasema taa zihesabiwe. Mfagiaji akapinga. Kuna siku homa ilipanda na hatukugusa simu, na alipofumbua macho swali lake la kwanza lilikuwa kama namba 2 amejibu.

Wakaendelea. Dari la chumba cha mazoezi ya viungo. Dari la basi la timu, goti lilipoanza kupona. Dari la hoteli lenye feni. Mtoto naye alimtumia dari la chumba cha mionzi, lililochorwa nyota, akasema nyota zinahesabika ila mashine inasogea kabla hujamaliza.

Halafu kimya. Wiki ya kwanza, ya pili. Nilijua kwa nini, maana nilimwona kwenye orodha ya timu: amerudi kucheza. Nilikasirika vibaya. Niliandika ujumbe mrefu wa kumsema, nikaufuta, nikauandika tena. Ndipo nilipojiwekea msimamo ambao nimeutembeza kwenye vikao vingi tangu hapo, kwamba kama huna nia ya kurudi, usitume kabisa. Mfano wangu ulikuwa Kevin Sinfield na Rob Burrow, waliocheza pamoja raga ile ya wachezaji 13, kabla Burrow hajapatwa na ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli. Desemba 2020 alikimbia marathoni 7 kwa siku 7 kwa ajili ya mwenzake, mwaka uliofuata akakimbia tena, na uliofuata tena, hadi siku ile ya marathoni ya Leeds, Mei 2023, alipomtoa kwenye kiti cha magurudumu akambeba mikononi kuvuka mstari wa kumalizia. Huyo alirudi, nilikuwa nikisema. Tena Burrow alikuwa mtu mzima anayejua kungoja, mtoto je?

Huo ndio msimamo niliokaa kuuandika usiku huu, na aya ile ya Sinfield niliiandika ya kwanza kabisa. Kasoro yake ni kwamba mtoto mwenyewe hakuwahi kuukubali. Nilipomwambia wakati ule, kwa hasira zangu, kwamba namba 2 ametusahau, alinijibu kama ananifundisha: "Shangazi, amepona. Aliyepona hatazami dari." Nilidhani anajifariji, nikamwacha. Sasa, nikiiandika sentensi hiyo, naona kwamba kimya kile kwake kilikuwa habari njema. Kumbe pale chumbani aliyeachwa nilikuwa mimi.

Kwa hiyo, mhariri, natoa hukumu inayopingana na nusu ya barua hii. Watume. Hata mara moja, hata kama kuna kamera, ilimradi wazazi wameulizwa na mtoto hajageuzwa tangazo. Neno pambana walibakize uwanjani, na kama hawana la kusema waulize swali ambalo mtoto anaweza kulijibu akiwa amelala. Ila mnisome kwa tahadhari. Wetu alipona. Mzazi ambaye wake hakupona akiwaandikia kinyume cha haya, mchapisheni yeye.

Ana miaka 15 sasa, na raga ameiacha kwa ajili ya kuogelea. Jioni hii nilimuuliza kama anaikumbuka video ya namba 2. Jina la mchezaji hakulikumbuka, klabu aliikosea, na akasisitiza kwamba alikuwa mchezaji wa pembeni. Nikamwambia mimi nakumbuka vizuri, vilikuwa vibao 48.

"46," akasema. "Taa hazihesabiwi."