Kabla hujalinganisha mauaji ya nchi mbili

Nyinyi mnaoingia kwenye dawati la takwimu katika vyumba vya habari vya Nairobi, swali hili litawafikia mapema: kati ya Kenya na Marekani, wapi watu wanauana zaidi? Msikimbilie jibu. Ulizeni kwanza kilichohesabiwa ni nini.

Chukua vifo vya bunduki vya Marekani mwaka 2021. Jumla ni 48,830, na mara nyingi huandikwa kana kwamba wote waliuawa. Ifungue jumla hiyo: 26,328 walijiua, 20,958 waliuawa. Waliosalia ni wa ajali, waliopigwa risasi na polisi, na wale ambao haikubainika kama walijiua, waliuawa au walipata ajali. Kujiua ni msiba unaostahili habari yake yenyewe. Ukiuchanganya na mauaji, umewakosea waliokufa na umempotosha msomaji.

Hapa nyumbani nako kuna mtego. Katika majedwali ya polisi wetu, fungu la makosa ya kuua limekuwa likibeba, kando ya mauaji ya kukusudia, kuua bila kukusudia, kujiua, kutoa mimba, kuficha uzazi (yaani kuficha mwili wa mtoto mchanga aliyekufa), hata kusababisha kifo kwa kuendesha gari vibaya. Ripota akinyakua jumla ya fungu zima na kuiweka karibu na takwimu za Umoja wa Mataifa, ambazo ni za mauaji ya kukusudia pekee, Kenya itaonekana kutisha kuliko ilivyo. Shuka hadi mstari unaouhitaji, kisha ugawanye kwa idadi ya watu upate kiwango kwa kila watu 100,000.

Angalia pia mwaka. England na Wales huhesabu mauaji kwa mwaka ambao polisi waliyaandikisha. Ndiyo sababu 2002/03 ina kilele: wagonjwa zaidi ya 170 waliouawa na daktari Harold Shipman kwa miaka mingi waliingizwa wote mwaka huo. Mtu asiyejua angeandika kwamba Uingereza ilichafuka ghafla.

Nchi ndogo kama Iceland, yenye watu wasiofika 400,000, itafutie wastani wa miaka kadhaa. Mauaji mawili tu huyumbisha kiwango chake.

Chini ya kila mchoro andika mwaka, aliyehesabu, na vifo vilivyojumuishwa. Mhariri akisema nafasi haitoshi, punguza mchoro, maelezo hayo yabaki.