Nusu ya njia si mahali pa kugeuzia ndege

SWALI: Ninatayarisha ramani ya safari ya Boeing 314 ya mwaka 1939 kutoka Foynes, Ireland, hadi Botwood, Newfoundland, kwa ajili ya kikundi chetu cha wapenzi wa ndege za zamani. Njia ni takriban kilomita 3,200, kwa hiyo nimeweka alama ya kugeuka kwenye kilomita ya 1,600. Mwalimu mmoja wa video mtandaoni anasema kanuni ni hiyo: ukishavuka nusu, unasonga mbele. Je, ni sahihi? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ndugu msomaji, kanuni hiyo inafaa siku isiyo na upepo tu, na juu ya Atlantiki ya Kaskazini siku ya namna hiyo ni adimu. Upepo wa huko huvuma zaidi kutoka magharibi, kwa hiyo ndege iliyoondoka Foynes iliupokea usoni, na iliyorudi ilisukumwa nao.

Chukua mwendo wa kilomita 300 kwa saa, ambao hauko mbali na ule wa Boeing 314, na upepo wa mbisho wa kilomita 60 kwa saa. Kwenda ni 240, kurudi ni 360. Ukiwa kwenye kilomita ya 1,600, Botwood iko mbele kwa saa 6 na dakika 40, ilhali Foynes iko nyuma kwa takriban saa 4 na dakika 27. Injini ikiharibika hapo, anayefuata kanuni ya nusu atajiongezea zaidi ya saa mbili juu ya maji bila sababu. Mahali pa muda sawa, yaani pale ambapo kusonga mbele na kurudi huchukua muda uleule, hupatikana kwa kuzidisha umbali wote kwa mwendo wa kurudi, kisha kugawanya kwa jumla ya mwendo wa kwenda na wa kurudi: 3,200 mara 360, gawanya kwa 600, unapata kilomita 1,920.

Linalonikera zaidi ni watu kuchanganya mahali hapo na mahali ambapo mafuta hayatoshi tena kurudi. Hesabu ya kwanza haigusi mafuta hata kidogo. Ndege hiyo ikiwa na mafuta ya saa 16, inaweza kwenda kilomita 2,304 na bado ikafika Foynes, ingawa itafika na matangi makavu. Ndege zilizogeuka na kurudi Foynes baada ya saa kadhaa hazikurudishwa na woga. Navigeta, yaani mwongoza njia wa ndege, alikuwa amepima nyota kwa sekstanti, kifaa cha kupimia pembe za nyota, akaujua upepo halisi, akaona kwamba hesabu ya kufika haitimii.

Tena, 1,920 ni ya injini zote nne. Injini moja ikizimika na mwendo ukashuka, tuseme kutoka 300 hadi 240 kabla ya kuhesabu upepo, alama inasogea hadi kilomita 2,000, na hapo tunadhani pangaboi la injini iliyokufa limegeuzwa makali yake yaelekee upepo. Oktoba 1956, Boeing 377 ya Pan American ilikuwa ikitoka Honolulu kwenda San Francisco wakati pangaboi lake moja lilipozunguka kupita kiasi na kukataa kugeuzwa, kisha injini nyingine ikapoteza nguvu. Kwa ukinzani ule wa hewa kwenye pangaboi, haikuweza kufika mbele wala kurudi. Kapteni Richard Ogg alizunguka juu ya meli ya walinzi wa pwani, Pontchartrain, hadi kulipopambazuka, akaishusha ndege baharini, na watu wote 31 wakaokolewa.

Ninasisitiza haya kwa sababu vijana wanaojiandaa kwa mitihani ya urubani wanaikariri kanuni ya nusu kutoka kwa walimu hao wa njia za mkato, na wengine wanalipa ada kwa ajili yake. Ndege za leo za injini mbili zinapovuka bahari bado hupangiwa safari kwa hesabu hii ya muda sawa, ikifanywa kwa mwendo wa injini moja na kwa viwanja vya dharura vilivyochaguliwa mapema. Mtu anayefundisha somo hili bila kutaja upepo hajalielewa, na mwanafunzi wake hataligundua kosa akiwa darasani.

Katika ramani yako, futa alama ya 1,600, andika upepo ulioukadiria pembeni, kisha weka alama za 1,920 na 2,304 kwa rangi tofauti, ukizihesabu upya kila unapobadilisha upepo.